Shoro Aliyesikika Bondeni

Ndege aliyesikika bondeni kwa mama asubuhi ile alikuwa mimi. Nimelikana jambo hili kwa miaka minne. Mara ya kwanza nililikana kwa mdomo, mbegu za vishona nguo zikiwa zimenasa tele kwenye sketi yangu. Mara ya mwisho nililikana kwa maandishi, katika makala ambayo watu kadhaa walinipongeza kwa ukweli wake.

Si kwamba niliimba. Sauti yangu haijawahi kumdanganya mtu yeyote. Mwalimu wa kwaya shuleni alinipa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo. Nilichokuwa nacho ni spika ndogo ya bluetooth, ya kutumia darasani chuoni Nchiru, ninakofundisha, wanafunzi wa nyuma wanaposema hawasikii. Lakini nianze na bonde.

Nyumbani kwa mama ni juu ya Nkubu, pale mashamba ya majani chai yanapokaribia msitu. Kati ya shamba lake na la jirani kuna kijito chembamba, na kingo zake mbili zimefunikwa na kichaka kinachoshuka moja kwa moja kutoka msituni: makangaga, miiba, thabai zinazowasha hata ukiziangalia vibaya, na miti michache iliyolala ikaendelea kuishi hivyo hivyo. Kijito ndicho mpaka. Ukingo wa huku ni wa mama. Ukingo wa pili ni wa Mwalimu.

Mwalimu alinifundisha darasa la nne. Alinifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, na hata sasa nikikosea hesabu dukani huwa naangalia nyuma kama yupo. Alipostaafu alianza kuandika ndege katika madaftari ya hesabu, yale yenye miraba: saa, mahali, jina, mara ngapi. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu aliachana na ndege wa kuonekana, akabaki na wa kusikika. Na kati ya wa kusikika alimpenda mmoja kuliko wote.

Shoro ni jina alilolitoa kitabuni. Katika Kimeru chetu sijawahi kumsikia mtu akimtaja kwa jina, nadhani kwa sababu hakuna anayemwona. Ni mdogo, ana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mkia uliochakaa kama ufagio wa jikoni. Haruki ikiwa anaweza kutembea. Hupita chini ya majani kama panya, na hata ukisimama hatua mbili kutoka kwake utaona jani likitikisika, basi. Ila sauti! Huanza chini chini, mlio mmoja unaorudiwa, kisha unapanda na kuongezeka nguvu mpaka wewe unageuka kumtafuta ndege wa ukubwa wa jogoo, halafu mlio unakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kuna wageni sebuleni.

Mama alitaka bonde hilo alime nduma, yaani majimbi ya kuchemsha. Ardhi pale ni nyeusi na yenye maji mwaka mzima, na nduma hazitaki kitu kingine. Tena kulikuwa na suala la heshima. Majirani wote wa juu na wa chini walikuwa wamesafisha mabonde yao, na kwetu shamba lenye kichaka ni kama mtu aliyeenda kanisani bila kuchana nywele: hakuna atakayekuambia, lakini wote wameona.

Mwalimu alimwomba asikate. Alisema shoro anahitaji kingo zote mbili, kwamba ukikata huku, kule kutakauka. Mama alimwambia hakuna aliyemsikia huyo ndege tangu mvua ya mwaka uliopita, na Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mkweli mpaka anachosha, alikubali kwamba hata yeye hajamsikia. Basi wakapatana jikoni kwa mama, mimi nikiwa pale nikimenya ndizi.

"Nikimsikia kabla hatujavuna njahi," Mwalimu alisema, "kichaka kinabaki. Nisipomsikia, nitakuja na panga yangu mwenyewe nikusaidie."

"Na ukimsikia ukiwa peke yako, nitajuaje?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Mama alicheka. "Wewe? Hata ukitaka hutajua pa kuanzia."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yote. Hawakwenda kwa chifu wala hawakuandika popote. Wanawake wawili waliopelekeana maziwa kwa miaka arobaini waliweka bonde zima juu ya masikio ya mmoja wao.

Mimi nilikuwa nimeahidi gazeti makala kuhusu ndege wa msituni, na nilitaka kumwona shoro kwa macho yangu, kwa sababu nilidhani mwandishi aliyeona ni bora kuliko mwandishi aliyesikia. Nilikuwa nimesoma kwamba ndege huyu akisikia sauti ya mwenzake hutoka kulinda mahali pake. Nikaupakua wimbo wake mtandaoni. Jumamosi moja, njahi, yale maharagwe meusi, zikiwa zimebaki wiki mbili hivi kuvunwa, niliingia bondeni alfajiri na spika yangu, nikachuchumaa katikati ya makangaga kama mtu anayejificha mkopeshaji, nikabonyeza.

Nilicheza wimbo ule, nikanyamaza, nikasikiliza. Hakuna. Nikaongeza sauti. Hakuna. Mara ya tano niliongeza mpaka mwisho, na hapo, kutoka ukingo wa pili, hatua kama kumi kutoka nilipo, nikasikia mtu akivuta pumzi.

"Ah," Mwalimu alisema, polepole, kama anayeongea na mtu aliye karibu sana. "Ni yeye. Bwana asifiwe."

Niliruka kuizima spika. Kwa bahati mbaya niliizima pale pale ambapo ndege mwenyewe hukatiza.

Ningesimama tu. Ningesema, Mwalimu, ni mimi, samahani. Ni sentensi fupi na nilikuwa na shahada mbili. Badala yake nilitambaa kwa magoti, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mpaka nikatokea nyuma ya zizi. Mama alikuwa pale na ndoo ya maziwa.

"Umetoka wapi?"

"Chooni."

Aliitazama sketi yangu. "Choo chetu kimeota vishona nguo?"

"Nilipitia nyuma."

"Ulikuwa bondeni?"

"Mama, na baridi hii? Bondeni nitafute nini?"

Chai haikuwa imepoa Mwalimu alipofika na daftari. Alikataa kiti. Alisoma akiwa amesimama, daftari likiwa limekaribia kugusa pua: "Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Shoro. Mara tano. Ukingo wa pili."

"Mara tano? Na upande wangu?" mama aliuliza.

"Mara tano. Na nguvu! Sijawahi kumsikia akiimba kwa nguvu vile."

Niliangalia ndani ya kikombe changu.

Mama hakubisha. Kando ya tangi la maji alikuwa na rundo la miche ya nduma chini ya gunia lililoloweshwa, aliyoiomba kwa watu tofauti kwa mwezi mzima, akichagua aina zisizowasha koo. Alasiri ile alimwita shangazi yangu aje aichukue yote. Alisaidia kuipakia kwenye toroli. Alipoona namtazama aliniambia, "Nini? Neno ni neno."

Katika makala yangu niliandika kwamba shoro bado yuko katika mabonde ya mashamba yetu, na nikamnukuu "mwalimu mstaafu mwenye masikio makini." Yaani nilijinukuu mwenyewe kupitia spika.

Watu hudhani uongo ukikaa sana hupoa. Wangu ulinitoa jasho. Kila Jumapili ya tatu niliyokwenda nyumbani, mama aliweka mezani nduma alizonunua Nkubu, akizisifu kwa namna ya mtu anayesifu watoto wa wengine. "Hizi zina maji," angesema. "Za bondeni hazingekuwa na maji." Nami nilimeza haraka, nikasimama, nikasema naenda kunyoosha miguu. Nilishuka bondeni kutafuta ndege halisi. Mpango wangu ulikuwa rahisi na wa kitoto: nikimpata shoro hata mmoja, uongo wangu utageuka kuwa ukweli uliotangulia wakati wake. Nilikwenda na buti, nilikwenda na darubini ya kuazima, nilikwenda mvuani. Sikuchukua tena spika. Nilisikia vyura na nilisikia ng'ombe wa Mwalimu. Siku moja jani lilitikisika, nikasimama kwa nusu saa kwa mguu mmoja, akatokea panya.

Hata Kaaga ninakoishi sikutulia. Nilianza kuosha vyombo na kuviacha katikati. Nilipanda na kushuka barabara ya shule nikijitungia maungamo, yote mazuri mno. Kuna moja lilikuwa na aya tatu na hitimisho.

Kisha mwaka huu akaja mwanafunzi. Alikuwa binti kutoka Taita anayesomea mambo ya wanyamapori, na alikuwa anatafuta ndege wa msituni ambao bado wanaishi katika mabonde ya wakulima. Mtu alimpa makala yangu. Nilimpeleka kwa Mwalimu mwenyewe, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Mwalimu alimpa madaftari yote, kumi na moja, yamefungwa kwa kamba ya katani. Baada ya wiki mbili binti alinijia ofisini akiwa anang'aa.

"Madam, unajua hii ya shosho Mwalimu ni kubwa aje? Shoro, nje ya msitu kabisa, na saa imeandikwa! Nitamweka jina kwenye tasnifu. Nimemwambia, akaanza kulia."

"Alilia?"

"Machozi kabisa. Amesema amefundisha miaka thelathini na sita na hajawahi kuandikwa mahali isipokuwa kwenye orodha ya wanaodai pensheni."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mwalimu bila kupitia kwa mama. Nilimkuta nje, juani, akichambua njahi kwenye ungo kwa vidole, maana kwa macho hawezi tena. Nilisahau aya zote tatu.

"Mwalimu, yule shoro wa mara tano alikuwa spika yangu."

Vidole vyake viliendelea kidogo, kisha vikasimama.

"Spika gani?"

"Ya simu. Nilikuwa upande wa mama, kwenye makangaga. Nilikuwa namwita ndege. Sikujua uko pale."

"Na uliponisikia nikishukuru Mungu?"

"Nilijua uko pale."

Jogoo wake alipanda juu ya ungo na hakumfukuza, jambo ambalo lilinitisha kuliko maneno. Halafu akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari, kwani binti alikuwa amepiga picha kurasa na kurudisha. Alikuwa na kalamu nyekundu. Sijui aliitoa wapi baada ya miaka yote hiyo.

"Tafuta ukurasa. Soma."

Nilisoma. Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Shoro. Mara tano. Ukingo wa pili.

"Futa wewe. Mimi sioni mstari vizuri. Usichafue wa juu, wa juu ni kunguru, na kunguru nilimwona."

Nilifuta. Mstari wangu ulipinda kama wa darasa la nne.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Hilo ni lako basi. Langu nimelifuta." Alichukua ungo akaingia ndani, na hakunikaribisha.

Mama nilimkuta akikatia ng'ombe nyasi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mbali kidogo na panga. Nilirithi jina la nyanya yangu mzaa baba, na mama akikasirika huniita kana kwamba mimi ndiye huyo nyanya.

"Mama mkwe," alisema, "unaniambia kwamba miaka minne nimenunua nduma Nkubu kwa ajili ya redio?"

"Spika."

"Usinifundishe jina lake!" Aligonga nyasi mara mbili zaidi. "Na siku ile nilikuuliza. Nilikuuliza hapa hapa. Choo! Ukaniambia choo!" Nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka kwa hasira, kitu ambacho ni mama peke yake anakiweza. Kisha akaacha kucheka. "Basi makubaliano yalivunjika zamani, hatukujua tu. Kichaka kinakatwa."

Binti wa Taita, nilipomweleza kwa simu, hakunitukana. Kisha aliomba jambo moja. Alikuwa na kinasa sauti, kisanduku cha kijani kinachofungwa mtini na kujiwasha chenyewe alfajiri. Aliomba kukifunga bondeni wiki tatu kabla ya panga. Kama shoro yupo, kitamnasa, na Mwalimu ataandikwa kwa haki. Kama hayupo, basi. Mama alikubali. "Kikitoka, panga inaingia," alisema, na kesho yake akampigia shangazi kuulizia miche.

Wiki hizo tatu sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilisahihisha mitihani nikiwa nimesimama. Nilimpigia mama kila siku nikijifanya nauliza hali ya ng'ombe, naye alijibu hali ya ng'ombe, halafu, bila kuulizwa, hali ya Mwalimu. Mwalimu hashuki tena kijitoni asubuhi. Nimempelekea maziwa, mama aliniambia, ameyapokea mlangoni. Nimemwita kunywa chai, amesema kifua kinamsumbua. Madaftari ameyaweka juu ya kabati, pale asipofikia bila kigoda. Wiki ya pili mama alisema, "Leo ameniuliza nitakata siku gani, ili atafute mtu wa kumnolea panga." Nilisubiri aongeze neno. Akaongeza kwamba ng'ombe amepona.

Binti alipanda juu siku ya ishirini na mbili, akafungua kisanduku mtini, akaenda nacho hosteli Nchiru kukisikiliza. Ilimchukua siku nne. Simu yake ilinikuta nyuma ya nyumba nikianua nguo, mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye paa la jirani.

"Madam, uko pahali pametulia?"

"Sema tu."

"Hayupo." Alipumua. "Nimepitisha yote mara mbili, nikampa na supavaiza. Kuna vyura, kuna ndege wengine kumi na saba. Shoro hakuna, hata mara moja. Pole."

Niliketi juu ya beseni lililopinduliwa. Nilimuuliza kama wiki tatu zinatosha. Alisema kwa ndege wa aina hiyo hazitoshi kuapa, ila zinatosha kuandika kwamba hakusikika, na ndivyo atakavyoandika.

"Lakini kuna kitu kingine," alisema. "Kuna mtu. Kuanzia wiki ya pili, karibu kila asubuhi, anakuja mpaka kwa mashine anaongea. Karibu kabisa, ni kama anaongea na mimi. Ni Kimeru na mimi sishiki. Nataka kujua niandike ni usumbufu wa aina gani. Nikuwekee?"

Akaniwekea. Kulikuwa na maji, chura mmoja, kisha buti zikinyonywa na matope. Kisha mama, kwa ile sauti anayotumia kwa makarani wa hospitali.

"Wewe. Yuko. Nimemsikia mimi, mwenye shamba. Andika."

"Hiyo ni ya kwanza," binti alisema. "Ngoja. Hii ni ya siku tatu baadaye."

"Nimekuambia yuko. Ameimba hapa juu, saa hii hii, wewe ulikuwa umelala. Andika mara mbili."

Nilikuwa nimeshika blauzi iliyolowa na nilikuwa naikamua tena, maji yakiingia kwenye viatu. Mama yangu, ambaye hajawahi kumsikia shoro akamtofautisha na kijiti kinachokatika, alikuwa anadanganya mashine.

"Ya mwisho ni ndefu," binti alisema.

Safari hii mama hakuanza na amri. Kwanza nilisikia pumzi zake, nzito kama za mtu aliyepanda mlima.

"Sikiliza," alisema. "Huyu Mwalimu ameacha kunywa chai yangu. Jana nimempelekea, akaniambia niweke hapo. Miaka arobaini hajawahi kuniambia niweke hapo. Sasa mimi nduma zangu nitapanda kule chini kwa ndizi, nimeshapima. Huku sikati. Ndege akiwepo sikati, asipokuwepo sikati, nitakaa na Mwalimu tumngoje. Hayo usiandike. Wewe andika yuko."

Buti zikaondoka. Chura akaendelea.

"Madam? Uko? Anasema nini?"

Kwa mara hii moja sikutafuta sentensi nzuri. "Ni mama. Anasema kichaka hakikatwi. Na wewe andika kwamba shoro hakusikika."

"Sawa, hiyo nimeandika. Hiyo nyingine ya kichaka naiweka safu gani?"

"Usiiweke popote. Kata simu, binti, nimpigie Mwalimu."